Nikatwe makope yaliyolegea? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 54. Makope yangu ya juu yamelegea mpaka wanafunzi wananiuliza kama sikulala. Jioni nikisahihisha madaftari kichwa kinauma sehemu ya mbele. Binti yangu anaishi Muscat, amenitafutia kliniki ya urembo. Anasema ni kazi ya siku moja na baada ya siku nne narudi nyumbani. Nina presha, natumia dawa, na kila siku nameza aspirini ndogo. Chini ya macho nako kuna vifuko na weusi, wanasema wataondoa vyote kwa pamoja. Nina hofu mbili: nisije nikapofuka, na nisiwe nabadilisha maumbile aliyonipa Mungu. Nifanye au nisifanye?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonirudisha ni hicho kichwa kinachouma jioni. Umekitaja kama jambo la pembeni, lakini kwangu mimi, ninayeshinda nikitazama makope ya watu, hicho ndicho cha kwanza. Kinaweza kunionyesha kama unatafuta sura tu, au kama macho yako yanafanya kazi ya ziada ili uone. Tuanzie hapo.

Nikisema kope nakusudia ile ngozi inayofunika jicho, si ukope, yaani nywele zake. Ngozi hiyo ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaofumba jicho, kisha utando unaoyazuia mafuta yanayolikinga jicho yasije mbele, na nyuma ya mafuta hayo kuna msuli mwingine, mrefu na mwembamba, unaolinyanyua kope. Miaka ikipita ngozi hulegea, utando hudhoofika, mafuta husogea mbele. Kope likizidi uzito, mtu huanza kulisaidia kwa paji la uso bila kujijua. Nyusi zinapanda, mikunjo inajichora kwenye paji, na ikifika jioni msuli wa paji umechoka kama mkono uliobeba ndoo tangu asubuhi. Maumivu yako yanaweza kuwa ni hayo. Nasema yanaweza, kwa sababu presha isiyotulia nayo huumiza kichwa, na miwani ya kusomea iliyopitwa na wakati pia huumiza. Mwalimu wa miaka 54 anayesahihisha usiku apimwe vyote vitatu.

Kabla hujaenda popote, kaa mbele ya kioo mchana, penye mwanga. Fumba macho taratibu kama mtu anayesinzia. Weka kiganja juu ya nyusi uzizuie zisipande, kisha fumbua macho bila kuondoa kiganja. Unachokiona sasa ndicho kope lako lilivyo kweli, bila msaada wa paji. Tazama ukingo wake, pale ukope unapoota. Kwa kawaida ukingo huo hukaa milimita 4 hadi 5 juu ya kitovu cha mboni. Kama uko hapo, na kinachoning'inia ni mkunjo wa ngozi uliolalia ukope, basi tatizo lako ni ngozi iliyozidi. Kama ukingo wenyewe umeshuka na kuanza kuifunika mboni, basi msuli wa kunyanyua umelegea au umeachia pale ulipojishikiza. Ukikata ngozi peke yake kwa mtu wa namna hii, atatoka na kovu zuri na kope lililoshuka vilevile.

Halafu lipo la tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi kwenye kliniki za haraka: nyusi zenyewe zimeshuka. Zinyanyue kwa vidole mpaka zilipokuwa ulipokuwa na miaka 30. Kama ngozi ya kope inatoweka, ujue ngozi ile haikuzidi, imeteremka kutoka juu. Ukikatwa kope hapo, paji linapata nafuu, linaacha kunyanyua, na nyusi zinashuka zaidi. Mtu anarudi mwaka haujaisha akisema hakuna kilichofanyika.

Chukua pia picha yako ya zamani, ya harusi au ya chuo cha ualimu, uiweke pembeni ya kioo. Wako watu wanaokuja wakisema makope yameanguka, ukitazama picha ya miaka 22 yalikuwa hivyohivyo, ni ya mama yao na ya bibi yao. Hao nazungumza nao kwa namna tofauti.

Sasa yako makope yasiyotakiwa kuguswa na kisu cha urembo kabisa mpaka mwili mzima umechunguzwa. Kope lililoanguka ghafla, upande mmoja, hasa likifuatana na kuona vitu viwiliviwili, mboni iliyopanuka au maumivu makali ya kichwa, ni dharura: linaweza kuwa ni mshipa wa damu uliotuna ndani ya kichwa na kukandamiza neva ya jicho. Mtu wa namna hiyo anakwenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Kope lililo sawa asubuhi na kuanguka jioni, huku mtu akichoka kutafuna nyama au sauti ikififia baada ya kuongea sana, linanifanya nifikirie miasthenia, ugonjwa ambao neva na misuli haviwasiliani vizuri. Unatibiwa kwa dawa. Mwalimu anayesema makope huwa mazito jioni lazima nimwulize hayo, nawe nakuuliza: sauti yako ikoje kipindi cha mwisho? Kipimo kimoja rahisi tunachofanya kliniki ni kuweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kope kwa dakika 2; likinyanyuka milimita 2 au zaidi baada ya hapo, tunaendelea na vipimo vya damu.

Kuvimba nako kuna habari yake. Makope yanayovimba asubuhi na kupungua mchana, pamoja na miguu, yanahitaji kipimo cha mkojo, maana figo zinazopoteza protini huanza kujionyesha hapo. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi hubadilisha makope pia, na ugonjwa wa macho utokanao na tezi hausogelewi na kisu cha urembo mpaka utulie, kwa kawaida miezi 6 bila mabadiliko.

Na huku kwetu pwani kuna sababu ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji sana. Piko inayopakwa kwenye nyusi ili ziwe nyeusi ina kemikali ya rangi inayowasha baadhi ya watu vibaya sana. Gundi ya kope za bandia ni hivyohivyo. Mtu anavimba, anajikuna, kope linapona likiwa limevutika. Baada ya miaka ya kurudia, ngozi imekuwa kama mfuko uliokunjwa na kukunjuliwa. Mkorogo ni mbaya zaidi. Krimu za kujichubua huwa na steroidi kali, na zikipakwa usoni kwa muda mrefu zinakondesha ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na dawa hupenya mpaka kwenye jicho ikapandisha presha ya jicho. Nimewaona wanawake waliokuja kuuliza habari ya makope, tukawakuta na glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu neva ya kuona, ambayo hawakuijua. Kama umetumia chochote cha namna hiyo, mweleze daktari wako bila kuona haya. Hatuulizi ili tukuhukumu.

Tuseme sasa umepimwa, na kweli ni ngozi iliyozidi. Upasuaji wenyewe nakueleza kama unavyofanyika ukifanyika vizuri, ili ujue cha kuangalia.

Kuchora kunafanyika ukiwa umekaa, macho yakitazama mbele. Ukilala chali nyusi na ngozi husogea, na mstari uliochorwa kwa mtu aliyelala ni mstari wa uongo. Daktari anachora mkunjo wa chini kwanza, kwa mwanamke mara nyingi milimita 8 hadi 10 juu ya ukope, kisha anabana ngozi kwa koleo dogo lisilo na makali, kidogo kidogo, akikuambia ufumbe. Anabana mpaka ukope uanze kubinuka juu, basi hapo amefika mwisho. Anaachia arudi nyuma kidogo, ndipo anapoweka alama ya juu. Baadaye anapima kwa rula. Kati ya ukingo wa chini wa nyusi na ukope lazima zibaki milimita 20 hivi za ngozi. Hiyo milimita 20 ndiyo inayokuwezesha kufumba jicho usiku. Mimi hupima mara mbili, na daktari akikuchora kwa dakika moja huku anazungumza na simu, shuka kitandani uende zako.

Ganzi ni ya sindano, lidokaini iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu. Inauma kama kuumwa na nyuki, sitakudanganya, halafu inatulia. Nusukaputi kwa makope ya juu haihitajiki kwa watu wengi, na mimi napendelea mgonjwa aliye macho kwa sababu namwambia afumbue na kufumba nikiona jinsi kope linavyokaa. Kipande kinachoondolewa kina umbo la mtumbwi, katikati kipana, ncha nyembamba. Mafuta yanaguswa kidogo sana au hayaguswi. Zamani yalikuwa yakikombwa, na wale waliokombwa leo wana mashimo juu ya macho na wanaonekana wazee kuliko umri wao. Kope la juu lina mafuko mawili tu ya mafuta, la ndani karibu na pua na la katikati. Uvimbe ulioko pembe ya nje mara nyingi ni tezi la machozi lililoteremka, na asiyejua anaweza kulikata akidhani ni mafuta. Ukikosa tezi hilo unabaki na jicho kavu maisha yako yote. Nyuzi ni nyembamba karibu kama unywele, na hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Macho yote mawili huchukua saa moja hivi.

Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja aliyefanyiwa makope mahali fulani mbali na kwao. Kwa mbali alikuwa amependeza, macho makubwa, mkunjo safi. Nikamwomba afumbe. Akafumba, na kati ya makope mawili ukabaki mstari mweupe, upana wa punje ya mchele, jicho likichungulia. Mumewe ndiye aliyeligundua, usiku, kwa taa ya simu. Nilipomtia ile dawa ya rangi na kuwasha mwanga wa buluu, sehemu ya chini ya konea, kioo cha mbele ya jicho, iling'aa kijani, vidotovidoto kama mchanga uliomwagika. Ilikuwa imekauka mpaka kuchubuka. Kwa miezi kadhaa alilala na dawa ya mafuta machoni na plasta ya karatasi juu yake, na mwisho tulilazimika kumpandikizia ngozi iliyotolewa nyuma ya sikio. Ngozi ya nyuma ya sikio ni nzito kuliko ya kope. Kiraka kinaonekana, naye anajua kinaonekana.

Ndiyo maana msimamo wangu, na wenzangu wengine hawaupendi, ni kuondoa kidogo kuliko anachotaka mgonjwa. Ngozi iliyobaki inaweza kupunguzwa tena baada ya mwaka kwa dakika 30. Iliyotupwa hairudi.

Unaogopa upofu. Una haki ya kuogopa, na nataka uogope kwa kipimo chake. Upofu baada ya upasuaji huu ni nadra mno. Njia yake kuu ni damu kuvuja nyuma ya jicho, jambo linalotokea kwa takriban mtu 1 katika 2,000, na wengi wa hao wakiwahiwa hawapotezi kuona. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa. Damu ikijaa nyuma yake haina pa kwenda, inakandamiza neva na mishipa, na seli za jicho haziwezi kukaa bila damu zaidi ya saa moja na nusu hivi. Tiba yake ni ya haraka: kufungua mshono, na ikibidi kukata pembe ya nje ya jicho ili mgandamizo uachiwe. Daktari yeyote anayekata makope lazima aweze kufanya hivyo usiku wa manane. Muulize. Swali ni moja tu: "Jicho langu likivimba saa nane usiku, nampigia nani, na huyo mtu yuko umbali gani?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko picha zote za kabla na baada.

Dalili za hatari ni maumivu makali upande mmoja, jicho kutokeza na kuwa gumu, kuona kupungua au kuzimika. Michubuko na uvimbe wa pande zote mbili usiouma sana ni kawaida. Wengi wa wanaovuja damu hupata tatizo ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo usiku wa kwanza ulale karibu na hospitali.

Hapa ndipo presha yako na aspirini zinapoingia. Presha ikiwa juu siku ile, mimi siwashi hata taa ya chumba cha upasuaji, tunaahirisha. Aspirini huzigusa chembe za damu zinazosaidia kuganda na kuziharibu kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10, ndiyo maana kuiacha jana yake hakusaidii chochote. Lakini usiiache kwa uamuzi wako. Kama ulipewa kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, kiharusi au bomba lililowekwa kwenye mshipa wa moyo, kuiacha kunaweza kukuua, na kope si sababu ya kufa. Kama unaimeza kwa kuwa jirani alisema inalainisha damu, jadili na daktari wa presha, pengine haikuhitajika tangu mwanzo. Wengine hawahesabu kuwa ni dawa: vidonge vya vitunguu saumu, vya tangawizi, vya mafuta ya samaki, vya vitamini E. Vyote vitajwe. Maumivu ya mgongo usiyatulize kwa diklofenaki wala ibuprofeni katika siku za karibu na upasuaji, tumia parasetamoli.

Macho makavu nayo yapimwe kabla. Kipande chembamba cha karatasi kinawekwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kisha inapimwa sehemu iliyolowa. Mwanamke aliyevuka ukomo wa hedhi mara nyingi ana machozi machache, na kope lililokatwa hufumba kwa ulegevu wiki za mwanzo. Aliye mkavu tayari atateseka.

Vifuko na weusi wa chini. Hapa ningekuomba utenganishe, kwa sababu ni mambo mawili na moja halikatwi. Mwombe mtu akumulike kwa tochi ya simu kutoka mbele, usawa wa macho. Weusi ukipotea, ulikuwa kivuli cha kifuko na bonde lililo chini yake. Ukibaki, ni rangi ya ngozi, mara nyingi ya kurithi au ya kujisugua miaka mingi kwa sababu ya mzio, na hakuna kisu kinachoikata. Anayekuahidi kuondoa weusi huo kwa upasuaji anakuuzia kitu ambacho hana.

Vifuko vyenyewe ni mafuta, mafuko matatu kila upande. Njia ninayoipenda kwa ngozi yetu ni kuingia kwa ndani ya kope, upande wa wekundu, bila kukata ngozi ya nje; hakuna kovu linaloonekana wala mshono wa kubadilika rangi. Keloidi, yaani makovu yanayotuna, kwenye kope ni nadra sana hata kwa watu wanaozipata masikioni na kifuani, kwa hiyo usizihofie kwa makope ya juu, lakini mstari wa kovu unaweza kuwa mweusi kwa miezi kadhaa. Hatari ya kope la chini ni kulegea na kubinuka nje, jicho likawa jekundu na kutokwa machozi wakati wote. Livute la kwako chini taratibu kwa kidole kisha uliachie: linapaswa kurudi mara moja, kabla hujapepesa. Likisita, linahitaji kukazwa pembeni kwanza. Kwa umri wako, presha yako, na kwa kuwa lalamiko lako la kweli liko juu, ningefanya ya juu peke yake, nikaacha ya chini. Ya juu yakinyanyuka, wengi husahau kwamba ya chini yaliwahi kuwasumbua.

Kuhusu maumbile aliyokupa Mungu, mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Ninachoweza ni kukupa ushahidi uende nao kwa shekhe wako. Kuna kipimo cha upana wa kuona: unaweka kidevu kwenye mashine, unabonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Tunakipima mara mbili, kope likiwa lilivyo, kisha likiwa limenyanyuliwa kwa plasta. Karatasi mbili zikitoka na ile ya kwanza ina weusi mkubwa sehemu ya juu ambao kwenye ya pili haupo, basi kope lako linakuzibia. Kutibu kinachozuia kuona na kutafuta urembo ni maswali mawili mbele ya shekhe, na hata mbele ya kampuni nyingi za bima ya afya. Na ujue kwamba kazi hii si ngeni kwa waganga wa Kiislamu. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013 hivi, alieleza namna ya kukata na kushona kope la juu pale ukope unapoingia ndani na kulichoma jicho. Huo ni ndugu wa upasuaji wa makope unaofanyika sana Tanzania, ule wa vikope, yaani trakoma. Kongwa kule Dodoma, mahali ambapo ugonjwa huo umechunguzwa kwa miongo, makope yamefanyiwa kazi miaka mingi kabla kliniki za urembo hazijafunguliwa mijini, na waliofanyiwa walikuwa akina bibi wa vijijini waliotaka kuona njia ya kisimani.

Sasa Muscat. Sina neno baya juu ya madaktari wa Oman. Wapo wazuri sana, na wana leseni za Wizara ya Afya yao, ambazo binti yako aombe kuziona. Hofu yangu ni kalenda. Umeambiwa utarudi baada ya siku nne, nyuzi zinatoka siku ya 5 hadi ya 7. Nani atazitoa? Nani atakuona jicho moja likichelewa kufumba wiki ya tatu, na kope moja likiwa juu kuliko jingine mwezi wa pili? Matokeo ya kweli yanaonekana baada ya miezi 3 hadi 6, na marekebisho madogo ni sehemu ya kazi hii hata mikononi mwa fundi. Ukienda, kaa wiki mbili, uonane na daktari mwenyewe ana kwa ana kabla ya siku ya upasuaji, si msaidizi wa mauzo kwenye WhatsApp, na urudi na maandishi ya alichofanya: kiasi cha ngozi, mafuta yapi, dawa zipi.

Lakini kwa nini usianzie hapa? Kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa itakupima presha ya jicho, miwani na machozi. Muhimbili, CCBRT na KCMC wana madaktari bingwa wa macho wanaoweza kukuambia kope lako ni la aina gani. Popote uendapo, hakikisha jina la daktari limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika na umwulize amebobea katika nini, maana kope lina watu wawili wanaolijua vizuri, daktari wa macho aliyejifunza makope na daktari wa upasuaji rekebishi. Saluni yenye kitanda cheupe si mmoja wao.

Ukiamua kufanya, panga mwanzo wa likizo ya shule. Siku mbili za kwanza ni barafu ndani ya kitambaa safi, dakika 10 hadi 15 kwa kila saa ukiwa macho, na kichwa juu ya mito miwili. Usiiname. Wagonjwa wangu Waislamu nawaambia waswali wakiwa wamekaa kwa ishara wiki hiyo ya kwanza, maana sujudu hupeleka damu yote usoni, na wamwulize shekhe habari ya udhu kwa kuwa mshono usiloweshwe. Usipike kwa kuni wala usikae karibu na moshi. Wanja uupumzishe wiki mbili. Michubuko itateremka mpaka mashavuni, ibadilike kuwa ya kijani na njano. Wiki mbili baadaye utaweza kusimama mbele ya darasa, na miwani itaficha kilichobaki.

Jumatatu anza na daktari wako wa presha. Nenda na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na aspirini, na ile picha ya zamani. Na nauli ambayo binti yako ameiweka tayari, mwombe aitumie kuja yeye Tanga wiki ya upasuaji. Utahitaji mtu wa kuteka maji na kuinua ndoo, wa kukutia dawa machoni saa nne usiku, na wa kukuwashia tochi kila baada ya saa chache usiku ule wa kwanza akuulize unaona vidole vingapi.